Kidonda cha Mama Mkwe

Mbwa yule aliingia uani asubuhi, wakati Bernadina anaanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu, juu ya bati. Hakubweka. Alikuja anajivuta, taya limelegea, ute unaning'inia mpaka kwenye vumbi, na kabla bibi hajaokota hata jiwe alikuwa ameshamkamata mjukuu wake Vumilia mkono. Mtoto wa miaka sita, anachezea makopo yake tu. Alipiga ukelele uliowatoa majirani wote nje.

Bernadina hakuwa na fimbo. Alimvaa mbwa mzima mzima, akamzungushia kichwani khanga aliyokuwa amejitanda, akamkaba. Mbwa akamwachia mtoto, akageuka, akamng'ata yeye paja la kulia, juu kabisa, kisha akachomoka na kupenya kwenye uzio wa minyaa. Vijana walimkuta karibu na bomba la maji, wakammaliza kwa mashoka na kumchoma moto hapo hapo.

Bujiku, baba wa mtoto, alikuwa ndani anavaa buti za kwendea machimboni. Akatoka mbio na buti moja. Na Bernadina, mama mkwe wake, alipomwona anatokeza mlangoni, unajua alifanya nini? Alijifunika! Damu inamtiririka mpaka kisiginoni, yeye anavuta kitenge chini na kugeuza mgongo.

"Mayu, damu hiyo ya nani?" aliuliza Justa, binti yake, ambaye alikuwa ameshambeba Vumilia.

"Ya mtoto," alisema Bernadina. "Mwosheni huyo mtoto. Sabuni, maji mengi. Haraka!"

Kuhusu sabuni alisema kweli. Kuhusu damu alidanganya, na hakuna aliyepata nafasi ya kumtazama vizuri, maana mtoto alikuwa analia na kila mtu alikuwa anakimbia.

Kama hukuzaliwa Usukumani utacheka. Cheka tu. Lakini kwa watu hawa mama mkwe na mkwilima, yaani mume wa binti yake, hawapeani mkono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani mmoja anachepuka, anachuchumaa pembeni na kusalimia huku ameangalia chini. Sasa paja! Paja la mama mkwe si kitu cha kutajwa mbele ya mkwilima, sembuse kuonyeshwa. Na Bernadina alikuwa anaishi kwa mkwe, jambo ambalo lenyewe ni fedheha tupu, kwa kuwa nyumba yake ya Ushirombo ilianguka na mvua na hakuwa na mtoto wa kiume wa kumjengea nyingine. Alilala chumba cha uani, hapo nje kidogo ya Runzewe, akijibana kama mgeni. Akitaka chumvi alimtuma Justa kwa mumewe. Bujiku akitaka kujua kama mama amekula, naye alimtuma Justa.

Kitu kimoja tu kilimpa Bernadina raha katika nyumba ile, nacho ni kadi ya bima. Kaya yao ilipojiunga, nafasi zilikuwa za watu sita, na Bujiku, baada ya kujiandika yeye na mkewe na watoto wao watatu, alimwandika mama mkwe. Ndugu zake walimcheka sana. Mama yake mzazi amenuna mpaka leo. Lakini Bernadina aliwaambia wanawake wenzake wa jumuiya: "Mimi sasa nikiugua simwombi mtu. Simsumbui mkwe wangu. Naonyesha kadi, natibiwa, narudi nyumbani." Alilisema hilo mara nyingi, na kila aliposema alikaa sawasawa kwenye mkeka.

*

Kituo cha afya walifika wanne: Bujiku ametangulia, Justa na mtoto nyuma yake, na Bernadina nyuma kabisa, anachechemea. Alisema amejikwaa. Mwenyewe alikuwa ameshaosha paja lake kwa maji ya ndoo, akalipaka chumvi, akalifunga na kipande cha shuka chini ya vitenge viwili.

Muuguzi aliyewapokea aliitwa Dorah, mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya kuchoka lakini si mbaya wa roho. Aliutazama mkono wa Vumilia, akauliza mbwa yuko wapi, akaambiwa ameuawa na kuchomwa.

"Mnapenda kuchoma," alisema. "Sasa hatuwezi hata kumwangalia kama alikuwa mzima. Basi tunahesabu alikuwa na kichaa. Mtoto lazima achanjwe, aanze leo, halafu arudi kwa tarehe nitakazowaandikia."

"Kadi hii hapa, sista," alisema Bujiku, na akaitoa kwa mikono miwili.

Dorah hakuipokea. "Kumwona ni bima. Kusafisha kidonda, bima. Dawa ya maumivu, bima. Chanjo ya kichaa cha mbwa haimo. Hiyo mnalipa taslimu, elfu thelathini kila anapokuja."

"Haimo?"

"Haimo kwenye kifurushi chenu, Baba Vumilia. Si mimi niliyekipanga."

"Tulipojiunga yule bwana aliyekuja na kipaza sauti alisema matibabu yote."

"Matibabu, ndiyo. Hii siyo matibabu, ni kinga. Mtoto haumwi kitu sasa hivi."

"Kwa hiyo mnataka kwanza augue, ndiyo bima ilipe?"

Dorah alimtazama, akashusha pumzi. "Akiugua ugonjwa huu hakuna wa kumtibu. Hautibiki. Anakufa. Kwa hiyo usibishane na mimi, nenda katafute hela."

Watu waliokuwa kwenye foleni walikuwa wanasikiliza. Mwanamke mmoja aliguna. Kijana mmoja akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini sana, "Kadi wanatembea nazo shingoni utafikiri medali," na wenzake wakacheka. Bujiku akairudisha kadi mfukoni, akatoka bila kuaga.

*

Duara, yaani shimo la dhahabu, analochimba Bujiku linamilikiwa na Nkwabi, mtu mnene anayependa utani wakati hakuna anayecheka. Wachimbaji wake hawalipwi mshahara. Wanagawana mawe, kila mtu na viroba vyake, na mtu hajui kiroba chake kina nini mpaka kisagwe na kuoshwa. Kinaweza kuwa na pikipiki ndani, kinaweza kuwa na vumbi. Bujiku alikuwa na viroba vitatu vya mwamba mpya, ule ambao wiki nzima watu walikuwa wanaunong'ona.

"Niazime elfu thelathini, bosi. Mtoto kaumwa na mbwa."

"Pole sana, baba. Kweli pole." Nkwabi alikuwa anakula muhogo wa kuchoma. "Lakini wewe si una bima? Si ulituringia hapa? Ulisema sisi washamba tunakunywa pombe, wewe umeikinga familia yako. Mpaka mama mkwe! Jamani, mwanamume kamkatia mama mkwe bima!"

Wachimbaji waliokuwa kivulini wakaangua kicheko. Bujiku alisubiri kiishe.

"Haimo hiyo chanjo," alisema.

"Ah! Sasa kinachomo ni nini?"

"Bosi, mtoto anasubiri."

"Kukopesha sikopeshi, nimeumizwa sana. Ila viroba vyako nanunua. Vyote vitatu, laki moja. Nakusaidia tu."

Kila aliyekuwa pale alijua viroba vile si vya laki moja. Alijua Nkwabi, alijua Bujiku. Bujiku aliona moto unampanda kifuani, akaona pia mkono wa Vumilia, akasema sawa.

*

Huku nyuma Justa na mama yake walikuwa wamekaa kwenye benchi, mtoto amelala mapajani mwa mama yake. Bernadina alikuwa amekalia upande mmoja wa makalio ili paja lisiguse ubao. Mkwe hayupo. Binti yake yuko peke yake. Kama kuna saa ya kusema, ilikuwa hii, na yeye mwenyewe alijua.

"Justa."

"Abee, mayu."

Lakini kabla hajaendelea Justa alianza kulia. Alilia kimya kimya, anajipangusa na ncha ya khanga asimwamshe mtoto. "Atazipata wapi? Kila tarehe elfu thelathini! Si atatuchukia? Si atasema mimi na watu wangu tumekuja kummaliza? Bora hata Mungu katuhurumia, kaumwa mmoja. Wangekuwa wawili, mayu, mimi ningejitupa shimoni."

Bernadina akakivuta kitenge chini.

"Ulikuwa unasema nini, mayu?"

"Nilikuwa nasema usilie, ng'wanawane. Utamwamsha mtoto."

Ningekuwa na uwezo wa kuingia pale na kumtikisa yule mama mabega, ningemtikisa. Kufa na kuaibika, chagua kimoja! Lakini yeye hakuliona hivyo. Aliona kwamba kadi ingekuwa inalipa, angenyanyuka kimya kimya, angemwonyesha Dorah paja faraghani, angechomwa sindano, na mkwe wake asingejua lolote maisha yake yote. Kadi haikulipa. Kwa hiyo kusema "nimeumwa" kulikuwa na maana ya kumwambia mkwilima wake, kwa mdomo wa binti yake, toa hela kwa ajili ya paja langu. Hilo hakuliweza.

Bujiku alirudi ametota jasho, akalipa. Dorah akaingia na sindano, Justa akamshika mtoto, Bujiku akasimama mlangoni, Bernadina akajibanza konani, pembeni ya kabati, ameangalia ukuta kwa ajili ya heshima.

"Nyumbani hakuna mwingine?" Dorah aliuliza huku anavuta dawa. "Hata kukwaruzwa tu? Hata kulambwa kwenye kidonda? Semeni sasa."

"Hakuna," alisema Justa.

"Bibi? Si wewe uliyemnasua mtoto?"

Bernadina aliangalia chini. Aliziona buti za Bujiku mlangoni, zimejaa udongo mwekundu, haziondoki. Zingeondoka hata kidogo tu angesema. "Mimi nilimpiga na khanga," alijibu. "Hakunifikia."

"Haya." Dorah akamchoma Vumilia, mtoto akapiga kelele, mambo yakaisha. Kisha akakiinua kile kichupa akakitazama kwenye mwanga. "Kimebaki zaidi ya nusu. Hiki kingetosha mtu mwingine kwa hela hiyo hiyo mliyolipa. Kikishafunguliwa hakilali, tunakitupa." Na jioni yake, kwa kuwa siku ile hakuja mwingine aliyeumwa, alikitupa.

*

Maneno yale ya kichupa hayakumtoka Bernadina. Kwa hela hiyo hiyo! Basi hakuna atakayetoa cha ziada. Kwenye safari ya pili Bujiku alikuwa duarani, anachimba mawe mengine ya kumuuzia Nkwabi, na Bernadina akajisemea moyoni kwamba leo nitasema. Nitamwambia Dorah peke yake, na Justa nitamwambia tukiwa njiani kurudi.

Tatizo ni kwamba paja lilikuwa limeanza kutoa usaha na harufu. Walipofika kituoni kulikuwa na foleni ndefu ya Dorah, na mlango wa chumba cha vidonda ulikuwa wazi, hauna foleni. Bernadina akamwambia Justa anakwenda msalani, akaingia pale. Aliona bora kwanza asafishwe, asije akamfunulia mwanamke mwenzake kitu kinachonuka.

Aliyekuwa ndani ni Selestine, kijana mfupi mcheshi ambaye kila mtu humwita dokta na yeye hakatai.

"Shikamoo bibi. Tatizo?"

"Marahaba. Nina kidonda. Nina kadi."

"Kadi safi. Kidonda kiko wapi?"

Hapo akalikamata pindo la kitenge kwa mikono miwili. Kijana mwenyewe umri wa mjukuu. Mwishowe akapandisha kitenge huku amefumba macho.

"Eeh! Bibi, hiki kimetokana na nini?"

Na neno lililomtoka, kwa aibu ile ile, lilikuwa: "Kisiki. Nilikuwa nachanja kuni, nikaanguka."

"Kisiki gani kinapanda mpaka huku, bibi yangu?" Selestine akacheka. Hakuwa na ubaya, alitaka tu kumchangamsha mgonjwa. Lakini Bernadina alisikia joto la uso mpaka masikioni, na baada ya kicheko kile asingeweza kurudi nyuma na kusema ni mbwa. Na huko nje watu kumi walikuwa wameshapanga foleni ya Selestine. Aliosha, akakata nyama iliyooza, akafunga vizuri. Alifanya kazi nzuri, tusimwonee.

Kisha akafungua jokofu dogo la pembeni, akatoa kichupa, akavuta dawa kwenye sindano. Bernadina akafungua macho.

"Hiyo ya nini?"

"Ya pepopunda. Kidonda cha vumbi lazima tukikinge, bibi."

"Bima inalipa?"

"Hii ipo. Hulipi kitu."

Akachomwa begani. Alikitazama kile kichupa kidogo cha kioo, akakumbuka cha Vumilia, naye akaona ni yale yale. Kimetoka kwenye baridi, kimeingia begani, ni cha kuzuia ugonjwa kabla haujaja. Neno pepopunda alikuwa amelisikia, hakuwa kiziwi. Lakini aliwaza kwamba kidonda ni kimoja, na kidonda kikishakingwa kimekingwa. Tena kadi ndiyo imelipa, kama alivyosema siku zote. Alitoka mle chumbani amenyoosha mgongo, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mbwa. Akapita mlangoni kwa Dorah, akamwona anamchoma Vumilia, akakaa kwenye benchi kumsubiri. Hakuwa tena na la kusema.

Vumilia alimaliza sindano zake zote. Viroba vitatu vya Bujiku, Nkwabi alivisaga, na habari zilizofika kijiweni ni kwamba alinunua pampu mpya ya maji. Bujiku akaacha kupita njia ya kijiweni.

*

Bernadina alianza kuumwa wakati wa kuchimba viazi. Kwanza paja liliwasha pale pale penye kovu, akalikuna mpaka likatoka damu. Halafu homa. Halafu akawa hataki upepo. Mtu akifungua mlango anaruka. Justa alimletea uji, akakishika kikombe, akataka kunywa, koo likajikaza na macho yakamtoka pima. Kikombe kikaanguka. Akajaribu maji, ikawa hivyo hivyo. Majirani wakasema karogwa. Mmoja akasema ni mizimu ya Ushirombo inadai nyumba ijengwe.

Bujiku alikodi gari ndogo ya mtu wa sokoni, wakampeleka hospitali kubwa. Mapokezi walitaka kadi, wakaitazama, wakasema iko hai. Kila kitu kikaenda haraka ajabu. Kitanda wakapewa. Dripu ikaletwa. Vipimo vikachukuliwa. Hakuna aliyewaambia nendeni mkatafute hela.

Daktari kijana alikuja na glasi ya maji, akaisogeza tu karibu na mdomo wa mgonjwa, akaona shingo inavyojikaza. Akairudisha mezani taratibu.

"Mama huyu aliumwa na mbwa?"

"Hapana," alisema Justa. "Aliumwa mtoto wangu. Na alichanjwa."

"Yeye?"

"Yeye hakuguswa."

Daktari akavaa glovu, akamkagua mikono, shingo, miguu, kisha akapandisha kitenge. Kovu lilikuwa pale, limechubuliwa kwa kucha, na alama za meno zinaonekana mpaka kwa asiyesoma.

Justa alilitazama. "Mayu," alisema. "Mayu! Hiki nini?"

Kuna nyakati ugonjwa ule unampa mtu akili zake kamili, na huo ndio ukatili wake. Bernadina alimtazama binti yake vizuri kabisa. "Yule mbwa," alisema.

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, Justa? Mumeo alikuwa amesimama pale. Halafu nilichomwa sindano. Ya bima. Nilijua nimepona."

Justa akaanguka chini pale pale, akapigapiga sakafu kwa viganja. Bujiku alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia yote, na alikuwa hajui aingie au atoke, kwa sababu mle ndani kulikuwa na mama mkwe asiyejifunika.

Ndipo mgonjwa alipopandwa. Alijirusha kitandani, akang'oa dripu, akampiga daktari teke. Muuguzi mmoja mwembamba alikuwa anashindana na mikono yake na hawezi.

"Wewe baba!" daktari alipiga kelele. "Njoo umshike! Umesimama hapo kufanya nini?"

"Daktari, huyu ni mama mkwe wangu."

"Njoo umshike, atajiua!"

Bujiku akaja. Alimshika mama mkwe wake miguu, halafu mabega, uso umegeukia dirishani, machozi yanamtoka. Bernadina naye, katikati ya kujirusha kule, akamtambua. "Mkwe, toka," alisema. "Toka, usinione. Justa, mwambie atoke!" Bado alimtuma Justa. Bujiku hakutoka. Akajaribu kumvutia shuka amfunike miguu, na mkono wake ulipopita karibu na mdomo, taya likafunga. Bujiku alijinasua, akauficha mkono chini ya kwapa, akaendelea kumshika kwa mmoja. Justa peke yake aliona, kutoka pale sakafuni.

Walimchoma dawa ya usingizi. Akatulia. Hakuamka tena, na kesho yake mchana alikuwa amekwisha.

*

Kwenye dirisha la malipo Bujiku alisimama na bahasha ya michango ya wachimbaji, ambao safari hii walichanga bila utani. Alitegemea kuambiwa laki kadhaa. Msichana wa dirishani alibonyeza bonyeza kompyuta yake, akasoma, akatabasamu kwa huruma.

"Poleni sana, baba. Hamdaiwi chochote."

"Chochote?"

"Kitanda, dripu, vipimo, dawa za kumtuliza, bima imelipa vyote. Kadi yenu nzuri."

Bujiku akaganda pale na bahasha yake.

Muuguzi yule mwembamba akawafuata kwenye korido na faili mkononi. "Kabla hamjauchukua mwili. Waliomuuguza mama, kuna aliyeng'atwa naye? Au aliyeingiwa na mate kwenye mchubuko? Huyo lazima aanze chanjo leo leo."

Ndugu walikuwa wameshafika, wajomba wa Justa kutoka Ushirombo, wazee wa heshima wamesimama na fimbo zao. Wote wakamgeukia Bujiku. Mkono wake wa kulia, umefungwa kitambaa, ulikuwa ndani ya mfuko wa koti. Aseme nini mbele ya wazee wale? Kwamba alimshika mama mkwe kitandani, na mama mkwe akamuuma?

"Hakuna," alisema Bujiku.

"Una hakika, baba?"

"Hakuna, sista. Tunaomba mwili wetu."

Justa alikuwa ameegemea ukuta, macho yamevimba, sauti imekauka kwa kilio. Watu walidhani hana tena nguvu. Alikuja akamkamata mumewe kiwiko, akauvuta ule mkono kutoka mfukoni, akakifungua kitambaa kwa nguvu na kuuinua juu, alama za meno zikaonekana na wajomba, na muuguzi, na foleni nzima.

"Huyu hapa!" alipiga ukelele. "Huyu kang'atwa! Kang'atwa na mama yangu, mama mkwe wake, niliona kwa macho yangu! Aibu ni yangu, nipeni mimi, nitaibeba! Nimeshapoteza mmoja kwa heshima, sizalishi maiti mwingine! Mchanjeni!"

Mjomba mmoja alitazama chini. Mwingine akakohoa. Bujiku hakuuvuta mkono.

Muuguzi akautazama ule mkono pande zote mbili, akafunga faili.

"Haya, baba, twende. Kadi hiyo weka tu mfukoni," alisema. "Dirisha la taslimu ni lile la mwisho kule."